Bandu Bandu Huisha Gogo: Kasi ya Glakoma na Historia ya Macho katika Fizi na Baraka

Utangulizi

Mnamo Februari 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walifika ufukoni mwa Ziwa Tanganyika karibu na Ujiji, wakifuata njia ya misafara iliyokuwa imekwisha kuzoeleka kwa wafanyabiashara wa pwani na kwa Wanyamwezi. Burton alikuwa mgonjwa hata kutembea hawezi. Speke alikuwa karibu kuwa kipofu. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa maradhi yaliyompata njiani, na ziwa alilokuwa amelitafuta kwa miezi mingi alilitambua kwa mng'ao na ukungu tu. Baada ya wiki chache alipata nafuu kiasi cha kuweza kusafiri majini. Mwezi wa Aprili mwaka huohuo wawili hao walisafiri kwa mitumbwi kuelekea Uvira, wakapitia Ubwari, ile rasi ndefu inayoikinga ghuba ya Baraka. Ghuba hiyo imebaki katika ramani kwa jina la Burton.

Maandishi ya mwanzo ya Wazungu kuhusu ufuko huo wa magharibi yalitanguliwa, basi, na habari ya macho. Maradhi ya Speke yalikuwa ya namna inayojitangaza: yaliuma, yalionekana na kila mtu, na yalimzuia mgonjwa kufanya kazi yake tangu siku za mwanzo. Makala haya yanahusu maradhi ya namna iliyo kinyume. Glakoma, katika umbo lake lililo la kawaida zaidi barani Afrika, haiumi, haionekani na mtazamaji, wala haimzuii mtu kufanya kazi yake mpaka imekwisha kuchukua sehemu kubwa ya uwezo wake wa kuona. Kile inachokichukua hakirudi.

Swali linalochunguzwa hapa ni hili: glakoma huharibu uwezo wa kuona kwa kasi gani, na jibu la swali hilo lina maana gani kwa mkazi wa Fizi au Baraka, katika jimbo la Kivu Kusini? Hoja inayotetewa ni kwamba kasi hiyo haimo ndani ya jicho peke yake. Ugonjwa unaokwenda kwa miaka ishirini huhitaji miaka ishirini ya kuangaliwa pasipo kukatizwa, ilhali historia ya Fizi tangu 1964 ni historia ya kukatizwa. Kwa hiyo kasi ya glakoma mahali hapo haiwezi kuelezwa na tabibu bila ya mwanahistoria.

Majina ya ugonjwa na matokeo yake

Kiswahili kina msamiati wa kutosha wa macho na kasoro zake. Yapo maneno kama chongo, makengeza, vikope na mtoto wa jicho. Majina hayo yana sifa moja inayoyaunganisha: yametokana na kile anachokiona mtazamaji aliye nje ya jicho. Mtoto wa jicho ni weupe unaoonekana ndani ya mboni. Vikope ni kope zilizogeukia ndani na kulikwaruza jicho. Hata mtoto mdogo anaweza kumtambua mwenye chongo au makengeza.

Glakoma haina alama ya aina hiyo. Jicho la mgonjwa ni jeusi, linang'aa, na humtazama msemaji sawasawa. Si ajabu, basi, kwamba jina linalotumiwa zaidi limekopwa kutoka lugha za Ulaya, na kwamba jina la pili, yaani presha ya macho, nalo limetokana na chombo cha hospitali na si jicho lenyewe. Jina hilo la pili lina faida, kwani linataja jambo la kweli: shinikizo la maji ndani ya jicho. Lakini lina madhara mawili. Kwanza, huwafanya wengi wadhani kuwa ni tawi la presha ya damu, na kwamba anayemeza dawa za presha ya damu amekwisha kutibiwa macho yake. Pili, huficha ukweli kwamba wapo watu ambao shinikizo lao limo katika kiwango cha kawaida na bado neva zao za macho zinaharibika.

Madhara makubwa zaidi hutokea pale glakoma inapochukuliwa kuwa ni mtoto wa jicho. Kuhusu mtoto wa jicho, watu wamezoea kuambiwa wasubiri mpaka "aive" ndipo aondolewe. Ushauri huo una historia yake katika upasuaji wa zamani, na kwa mtoto wa jicho kusubiri hakumpotezei mtu mambo mengi, kwa kuwa baada ya kupasuliwa huona tena. Neno hilohilo likihamishiwa kwenye glakoma huwa ni hukumu. Mgonjwa husubiri kuiva kwa kitu kisichoiva, na siku anapofika kwa munganga wa macho, kama daktari aitwavyo katika Kiswahili cha Kongo, huambiwa kuwa amechelewa.

Isidhaniwe kuwa kosa hili ni la Waswahili pekee. Neno glakoma limetokana na Kiyunani, na asili yake ni rangi: kijani au samawati iliyofifia. Kwa karne nyingi matabibu wa Ulaya walichanganya glakoma na mtoto wa jicho kwa sababu nao walitazama rangi ya mboni kutoka nje. Ni mwaka 1705 ambapo Mfaransa Michel Brisseau, kwa kulipasua jicho la maiti, alionyesha kuwa mtoto wa jicho ni lenzi iliyoingia ukungu. Mwaka 1851 Hermann von Helmholtz alibuni chombo cha kutazamia ndani ya jicho hai, na hapo ndipo neva iliyobonyea ilipoonekana kwa mara ya kwanza kwa mgonjwa aliye hai. Kwa maneno mengine, Ulaya yenyewe haikujua glakoma ni nini mpaka katikati ya karne ya 19, takriban wakati uleule Burton na Speke walipokuwa wakipita Ubwari.

Jinsi kasi ilivyopimwa

Ndani ya jicho hutengenezwa maji ambayo huzunguka na kutoka kupitia kichujio kilichoko pembeni, mahali konea inapokutana na sehemu yenye rangi. Kichujio hicho kikipitisha maji kwa shida, shinikizo hupanda. Neva ya jicho, yenye nyuzi zipatazo milioni 1, hubonyezwa mahali inapotokea nyuma ya jicho, na nyuzi zake hufa moja baada ya nyingine. Methali isemayo bandu bandu huisha gogo inaeleza jambo hili vizuri kuliko maelezo mengi ya vitabuni. Nyuzi za mwanzo kufa ni zile zinazohudumia pembezoni mwa upeo wa macho. Ubongo huliziba pengo kwa kukisia, na jicho moja huliziba pengo la mwenzake. Inakadiriwa kuwa robo hadi theluthi ya chembe za neva huweza kuwa zimekwisha kufa kabla vipimo vya kawaida vya upeo wa macho havijaonyesha kasoro. Uwezo wa kusoma herufi ukutani, ambao ndio kipimo kinachojulikana na watu wengi, ni miongoni mwa mambo ya mwisho kupotea.

Kasi ya upotevu huo hupimwa kwa desibeli. Jicho zima liko karibu na sifuri. Likipoteza desibeli 25 hivi, limekaribia upofu. Tatizo la wataalamu lilikuwa kupata watu wenye glakoma ambao hawajatibiwa, kwani ni kinyume cha maadili kumnyima mgonjwa dawa inayojulikana kufaa. Njia ilipatikana nchini Sweden, katika miji ya Malmö na Helsingborg, ambako kati ya 1993 na 1997 waliandikishwa watu 255 wenye glakoma iliyogunduliwa mapema. Kundi moja lilitibiwa na jingine likafuatiliwa kwa karibu sana bila dawa, kwa masharti kwamba atakayezidiwa atatibiwa. Matokeo yaliyotangazwa 2002 yalionyesha kuwa ugonjwa ulisonga mbele kwa asilimia 62 ya wasiotibiwa na asilimia 45 ya waliotibiwa. Aidha, ilionekana kuwa kila kipimo kimoja cha shinikizo kinachoteremshwa hupunguza hatari hiyo kwa takriban asilimia 10.

Mwaka 2009 Anders Heijl na wenzake walitoa hesabu ya kasi yenyewe kwa wale wasiotibiwa. Kwa wastani walipoteza desibeli 1.08 kwa mwaka. Wenye shinikizo la juu walipoteza 1.31, wenye shinikizo la kawaida, 0.36, na wenye aina ambayo jicho huota uchafu mfano wa magamba, 3.13. Hesabu hizo zikigeuzwa kuwa miaka, safari kutoka mwanzo wa kasoro hadi kukaribia upofu ni takriban miaka 23 kwa wastani, miaka 19 kwa kundi la pili, miaka 70 kwa la tatu, na miaka 8 tu kwa la mwisho. Yafaa ieleweke pia kuwa wastani huo ulivutwa juu na wachache waliodhoofika upesi sana; walio wengi walikwenda polepole zaidi. Kwa hiyo hakuna kasi moja ya glakoma. Kuna watu watakaokufa kwa uzee wakiwa bado wanaona, na kuna watakaopofuka kabla watoto wao hawajamaliza shule.

Vilevile kasi hubadilika pamoja na nyakati. Katika wilaya ya Olmsted, jimbo la Minnesota nchini Marekani, rekodi za wagonjwa zimehifadhiwa kwa miongo mingi. Miongoni mwa waliogunduliwa kati ya 1965 na 1980, uwezekano wa kupofuka angalau jicho moja katika miaka 20 ulikuwa asilimia 25.8. Kwa waliogunduliwa kati ya 1981 na 2000 ulishuka hadi 13.5. Neva za wakazi wa Olmsted hazikugeuka kuwa imara zaidi katika muda huo. Kilichobadilika ni dawa, vyombo, na uhakika wa kuonana na daktari yuleyule mwaka baada ya mwaka.

Kwa watu wa asili ya Afrika hali ni nzito zaidi. Tafiti za Baltimore na za kisiwa cha Barbados zilizotangazwa miaka ya 1990 zilionyesha kuwa glakoma huwapata mara nyingi zaidi kuliko watu wa asili ya Ulaya, na huanza mapema zaidi maishani. Katika kisiwa cha St. Lucia watu ambao hawakutibiwa walipimwa tena baada ya miaka kama kumi, na zaidi ya nusu ya macho yao yalikuwa yamezidi kuharibika. Katika Afrika Mashariki, uchunguzi wa Kongwa, mkoani Dodoma, uliochapishwa mwaka 2000, ulipima watu 3268 wenye umri wa miaka 40 au zaidi, na kukuta kuwa zaidi kidogo ya asilimia 4 walikuwa na glakoma. Kipimo hicho kikitumiwa kwa kukadiria, basi katika kila watu 1000 wa umri huo kwenye ufuko wa Baraka, wapatao 40 wanayo, na wengi wao hawajui.

Saa ya jicho na saa ya historia

Katika Kongo, upofu ulioingia mapema katika maandishi ya tiba ni ule unaoshambulia kijiji kizima. Mapema katika miaka ya 1930 daktari Mbelgiji Jean Hissette aligundua katika eneo la Sankuru kuwa minyoo ienezwayo na inzi weusi wa mtoni ndiyo iliyowapofusha watu wengi waliokaa kando ya mito. Ugonjwa huo ulionekana kwa sababu ulikuwa na mahali pake: mto huu, kijiji kile. Baadaye ulipatikana utaratibu wa kuukabili kwa kampeni, hasa baada ya 1987 ambapo dawa ya ivermektini ilianza kutolewa bure, na kumezwa mara moja kwa mwaka na kijiji kizima.

Glakoma haina mto. Humchukua mmoja katika nyumba hii na mmoja katika nyumba ya tatu, na kila familia huona msiba wake peke yake. Babu amezeeka, husemwa. Au shangazi amerogwa. Au ni moshi wa jikoni. Kwa kuwa haina kijiji, haina kampeni. Haitibiwi kwa siku moja ya mwaka, bali kwa kila siku ya mwaka.

Hali kadhalika, tiba iliyofika Fizi katika nusu karne iliyopita imekuwa zaidi ni tiba ya dharura. Ufuko huo umejulikana kwa miaka mingi kuwa ni eneo la kipindupindu, ugonjwa unaoweza kumwua mtu mzima kwa saa chache. Hospitali ya Nundu, yenye chimbuko lake katika kazi ya Kanisa la Free Methodist, pamoja na zile za Fizi na Baraka, zimelazimika kupanga kazi zake kwa saa ya kipindupindu, ya malaria, ya surua na ya uzazi. Shirika la Médecins Sans Frontières lililoanza kazi huko 2003 lilishughulikia maradhi hayohayo. Mnamo Desemba 2020, baada ya wafanyakazi wake kushambuliwa, lilitangaza kuondoa timu zake wilayani Fizi. Hakuna wa kulaumiwa kwa kumtanguliza mtoto mwenye surua mbele ya mzee ambaye bado anaona njia ya kwenda shambani. Hata hivyo, kutangulizwa huko kukirudiwa kila mwaka kwa miaka ishirini, mzee huyo hupofuka bila mtu yeyote kuamua kwamba apofuke.

Saa ya pili ni ile ya vita. Mwaka 1964 uasi wa Simba ulienea mashariki mwa Kongo, na Fizi na Baraka zikawa ngome zake za mwisho. Aprili 1965 Ernesto Che Guevara, ambaye mwenyewe alikuwa daktari, alivuka ziwa kutoka Kigoma na kutua Kibamba pamoja na Wakuba wenziwe waliopewa majina ya tarakimu za Kiswahili; yeye akaitwa Tatu. Septemba mwaka huo mamluki wa Mike Hoare walishuka karibu na Baraka, na Novemba Wakuba waliondoka. Tangu 1967 Laurent-Désiré Kabila na chama chake cha PRP walishika milima ya Fizi, kwenye makao waliyoyaita Hewa Bora, hata katika miaka ya 1980. Oktoba 1996 vita vya AFDL vilianzia Kivu Kusini, na maelfu ya watu walivuka ziwa hadi mkoa wa Kigoma, wakapokelewa katika kambi za Nyarugusu na Lugufu. Agosti 1998 vita vya pili vilizuka, na wengine wakafuata. Mnamo Oktoba 2005 meli zilianza kuwarudisha wakimbizi kutoka Kigoma hadi Baraka chini ya usimamizi wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi.

Sasa saa hizi mbili ziwekwe pamoja kwa mfano wa kukisia. Mtu mwenye umri wa miaka 40 avuke ziwa mwishoni mwa 1996, neva yake ikiwa imeanza kuharibika mwaka huohuo, na kasi yake iwe ile ya Waswidi wenye shinikizo la juu. Mwaka 2005 anaporudi kwa meli amekwisha kupoteza desibeli 12, yaani karibu nusu ya safari. Akiwa juu ya meli anawatambua ndugu waliosimama gatini, na yeyote atakayemwuliza kuhusu macho yake atajibiwa kuwa hayana neno. Anajikwaa usiku, anashangaa kugongwa na baiskeli iliyotoka pembeni, anadhani ni umri. Mwaka 2015, wakati wilaya hiyohiyo ya Fizi inapowapokea wakimbizi kutoka Burundi katika kambi ya Lusenda, mtu huyo ana umri wa miaka 59 na anashikwa mkono. Ikiwa kasi yake ni kubwa kuliko ya Waswidi, kama inavyohofiwa kwa watu wa asili ya Afrika, mwaka huo wa kushikwa mkono huwadia mapema zaidi.

Katika mfano huo hakuna siku hata moja ambayo macho yalikuwa ndiyo jambo la haraka. Mwaka 1996 la haraka lilikuwa mtumbwi. Kambini lilikuwa chakula. Mwaka 2005 lilikuwa shamba lililoota msitu na nyumba isiyo na paa. Kila wakati sababu ya kuahirisha ilikuwa ya kweli. Hapo ndipo ulipo ukatili wa ugonjwa wa polepole mahali penye historia ya haraka: haupati zamu.

Dawa inayofaa mahali panapokatizwa

Historia ya tiba ya glakoma inaanzia, kwa sehemu kubwa, Afrika. Katika nchi ya Calabar, iliyoko Nigeria ya leo, ilitumika mbegu yenye sumu katika kiapo cha kumjua mwenye hatia, mithili ya mwavi unaojulikana katika Afrika Mashariki. Mbegu hiyo ilipelekwa Edinburgh, ikachunguzwa, na kutokana nayo ikapatikana fisostigmini. Mwaka 1876 Ludwig Laqueur, daktari wa macho ambaye naye alikuwa na glakoma, alitangaza kuwa dawa hiyo ikitiwa jichoni huteremsha shinikizo. Matone ya glakoma yaliyotumika baadaye hospitalini yana mwanzo wake katika ugunduzi huo. Timololi ilianza kuuzwa Marekani 1978, na latanoprosti 1996, mwaka uleule watu wa Fizi walipokuwa wakivuka ziwa.

Matone yana sharti moja: yasikatizwe. Kichupa kimoja hutosha mwezi mmoja hivi, na mgonjwa huhitaji kingine mwezi unaofuata, na mwingine, hadi kufa kwake. Hayamfanyi aone vizuri zaidi leo kuliko jana. Humzuia tu asione vibaya zaidi kesho. Ni vigumu kumshawishi mtu mwenye fedha kidogo anunue kila mwezi kitu ambacho faida yake haionekani. Ni vigumu zaidi pale ambapo kichupa hakipatikani dukani, barabara ya kilomita 90 hivi kutoka Baraka hadi Uvira imekatika kwa mvua au kwa bunduki, na Bukavu iko zaidi ya kilomita 200. Februari 2025 Bukavu yenyewe ilitwaliwa na waasi wa M23, na safari iliyokuwa ngumu ikawa ngumu maradufu.

Njia ya pili ni upasuaji. Mwaka 1968 John Cairns wa Cambridge alieleza upasuaji wa kufungua mlango mdogo ambapo maji ya jicho hupita, na mpaka leo ndio msingi wa upasuaji wa glakoma. Faida yake kwa mahali kama Fizi ni kwamba hufanywa mara moja na huweza kudumu kwa miaka. Ugumu wake ni kwamba mgonjwa huhitaji kuangaliwa kwa karibu katika wiki za mwanzo, na kwamba haumrudishii kilichopotea. Jirani aliyepasuliwa mtoto wa jicho hurudi akiona. Aliyepasuliwa glakoma hurudi akiona kama alivyokuwa. Asipoelezwa tofauti hiyo kwa lugha anayoielewa, atasema kuwa amedanganywa, na kijiji kitamsadiki.

Njia ya tatu imechunguzwa Afrika Mashariki yenyewe. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, Heiko Philippin na wenzake wa Tanzania na wa Ulaya waliwaandikisha watu 201 wenye glakoma, wakawagawa kwa kura: nusu walitiwa matone ya timololi, na nusu walipigwa leza kwenye kichujio cha jicho. Matokeo yaliyochapishwa 2021 yalionyesha kuwa baada ya mwaka mmoja tiba ilifaulu kwa asilimia 61 ya macho yaliyopigwa leza, na asilimia 31 tu ya yale ya matone. Leza inaweza kurudiwa, lakini haimtegemei mgonjwa kukumbuka kila asubuhi wala duka kuwa na kichupa kila mwezi. Mashine yake ni ghali na huhitaji fundi na umeme. Hata hivyo, somo lake ni kubwa kuliko mashine yenyewe: mahali panapokatizwa, tiba bora ni ile inayostahimili kukatizwa.

Hitimisho

Imeonyeshwa kuwa glakoma haina kasi moja. Huweza kuchukua miaka 8 au miaka 70, na wastani wa Waswidi wasiotibiwa ni miaka ipatayo 23. Imeonyeshwa pia kuwa kasi hiyo ilipungua Minnesota katika kizazi kimoja, si kwa kubadilika kwa macho bali kwa kuendelea kwa huduma. Huko Fizi na Baraka kilichokosekana ni kuendelea kwenyewe. Tangu 1964 hakuna miaka 23 mfululizo ambayo mgonjwa angeweza kwenda kituo kilekile, kwa njia ileile, na kukuta kumbukumbu zake.

Lipo, hata hivyo, jambo moja ambalo vita haikulikata, nalo ni ukoo. Glakoma hufuata damu: ndugu na watoto wa mgonjwa wamo katika hatari iliyo mara kadhaa ya watu wengine. Koo za Wabembe na za majirani zao leo zimetawanyika kutoka Fizi hadi Nyarugusu, na kutoka Nyarugusu hadi miji ya Marekani na Kanada, lakini husemezana kwa simu kila wiki, tena kwa Kiswahili. Mtu aliyepimwa ng'ambo na kuambiwa kuwa ana glakoma anayo habari ambayo kaka yake aliyeko Baraka anaihitaji kuliko fedha. Habari hiyo haisafiri kwa sababu mara nyingi mwenye nayo hujua jina lake kwa Kiingereza tu, au huitafsiri kuwa ni uzee, au presha, au mtoto wa jicho.

Hapa ndipo kazi ya wanalugha inapokutana na ya matabibu. Ugonjwa huu unahitaji maelezo mafupi ya Kiswahili yanayoweza kusemwa katika simu: kwamba hauumi, kwamba huanzia pembeni, kwamba hauivi wala haungojewi, kwamba dawa hulinda kilichobaki na hairudishi kilichokwenda, na kwamba aliye na mzazi au ndugu aliyepofuka bila ya macho yake kuwa meupe apimwe shinikizo na neva akiwa na miaka 40, hata kama anasoma herufi zote ukutani. Maneno hayo hayatazidi dakika moja. Kwa mtu ambaye neva yake imeanza tu kubanduliwa, dakika hiyo inaweza kuwa na thamani ya miaka ishirini.